Marehemu Yuko Zamu

Tremé, New Orleans
Novemba 3, 1862

Mdogo wangu Onésime,

Kama uko ndani ya matope ya Lafourche hadi magotini, kama ulivyoandika, basi salamu zangu zikufikie hadi magotini, zitakazobaki mpe sajenti wako. Sisi hatujambo. Paa linavuja palepale ulipoliziba. Paka amezaa ndani ya kofia yako ya Jumapili, na kwa kuwa hukuiaga ulipoondoka, nimeona niiache kwa wenye haja. Jirani yetu Bi Zénobie anakusalimu na anauliza kama jeshi la Yankee, hao wa kaskazini, limepata mkanda wa kukuzunguka.

Shangazi Philomène hajambo mwilini. Rohoni ndiko anakoumwa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Juzi ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Unamjua Shangazi siku hiyo. Alfajiri keshavaa hariri yake nyeusi, ndoo ya chokaa mkononi, brashi kwapani, na mimi nyuma na maua na kikapu cha vitumbua. Mji mzima ulikuwa njiani kwenda kupaka nyumba za wafu wake. Njiani akasema yaleyale ya kila mwaka: "Valcour wangu alipiga ngoma vitani Chalmette mwaka wa kumi na tano wa karne hii. Risasi za Waingereza zilimkosa, na miaka arobaini ya ndoa wanawake wa nje nao walimkosa." Nami nikaitikia amina kama kila mwaka.

Tukafika kaburini. Jina la Valcour halipo.

Sisemi limefifia, Onésime. Halipo. Mahali pake pana marumaru nyeupe safi, imeandikwa: HAPA AMELALA THÉOPHILE GARDÈRE, ALIYEFARIKI KWA HOMA YA MANJANO, APRILI 27, 1862. Shangazi alisimama, chokaa inamdondokea viatuni. Kisha akanigeukia.

"Lalie, huyu ni nani aliyelala na mume wangu?"

Mtaa mzima ulikuwa nyuma yetu na maua yao. Nikampokea ndoo. Wewe ndiye fundi mwashi wa ukoo huu, na funguo za uzio wa kaburi ulikuwa nazo wewe. Jibu mbio.

Dada yako,
Eulalie

*

Kambi ya daraja la reli, Lafourche
Novemba 23, 1862

Dada Eulalie, uliyenilea kwa ulimi na mara mojamoja kwa kiatu,

Nimefurahi kusikia habari za paka. Mpe hongera. Mwambie Bi Zénobie mkanda umepatikana, ila ulikuwa wa farasi.

Mimi ni mzima. Nilipojiandikisha nilidhani vita ni kupiga risasi, kumbe vita ni kuchimba. Miaka ishirini nimepiga plasta kwenye dari za matajiri, sasa nimeshushwa chini ya ardhi. Tukimaliza kuchimba tunalinda daraja lisiibiwe, na mpaka leo hakuna aliyejaribu kulibeba. Wazungu wa kikosi cha jirani wakiwaona maofisa wetu weusi huinua macho mawinguni ili mikono yao isilazimike kupiga saluti. Sijapata kuishi karibu na wanajimu wengi namna hii. Gwarideni mimi hupangwa mstari wa nyuma, kwa kuwa kapteni anasema tumbo langu likiwa mbele adui atadhani tumeshafika.

Tumepata askari mpya, mtu wa miraba minne, mpole. Habari zake nitakupa siku nyingine.

Kuhusu lile jiwe. Ni marumaru nzuri. Msiliguse. Kaburi lililofungwa halifunguliwi mpaka upite mwaka na siku moja, hiyo ni sheria ya wafu wetu, sikuitunga mimi. Ningeeleza zaidi, lakini najua barua zangu unazisoma kibarazani mbele ya mtaa mzima, na maofisa wetu nao huzisoma kabla yenu. Nina kikohozi, dada. Naishia hapa.

Mdogo wako mtiifu,
Onésime

*

Tremé
Desemba 15, 1862

Onésime mwenye kikohozi,

Hatujambo, ukiondoa marehemu Valcour, ambaye hali yake ni mbaya sana.

Shangazi alikaa siku tatu bila kusema. Siku ya nne akaweka kikombe cha kahawa mezani akatamka: "Havana." Unakumbuka Valcour alipokuwa msokotaji wa sigara alikwenda Havana kununua tumbaku, kabla hawajaoana? Basi. Shangazi ameshamaliza hesabu. Théophile Gardère ni mtoto wa Valcour wa huko, amebeba jina la mama yake, amekuja mjini kumtafuta baba, homa ikamchukua, na wewe, mwenye huruma za kijinga, ukamlaza na babaye bila kumwambia mtu. Picha ya Valcour pale juu ya meko ameigeuza, inatazama ukuta. Kahawa aliyokuwa akiimimina mbele yake kila asubuhi sasa anampa paka.

Ungeona ibada aliyomwombea yule "mtoto"! Shangazi alilia, mdogo wangu, akalia kweli, yeye ambaye hakujaliwa mtoto. "Angebisha hodi tu," anasema. "Ningemfokea wiki moja, halafu ningempa supu ya bamia." Bi Zénobie anaapa kwamba aliwahi kumwona Théophile sokoni, mwanamume mzuri, anachechemea kidogo.

Mimi nilirudi kaburini peke yangu. Kwanza, herufi T yako imeinama kama mlevi anayetafuta ukuta, ninaijua tangu ulipochora ubao wa duka langu la kushona. Pili, nilipitisha kidole kwenye upenyo wa ukingo na upande wa ndani nikapapasa V, A, L. Umegeuza jiwe la Valcour ukaandika mgongoni mwake. Tatu, homa ya manjano mwezi wa Aprili! Homa huja na joto la Julai, mtoto anayenyonya anajua. Nikajiuliza, wiki ile ya Aprili meli za Yankee zilipoingia, na ninyi wanamgambo wa upande wa Kusini mkaambiwa mtawanyike na kila kombania ifiche bunduki zake, kombania yenu ilificha wapi? Ni nani angethubutu kufungua kaburi bichi la mtu wa homa?

Umefanya busara. Lakini bunduki zilitoka zamani, mlipojiunga na haohao Yankee, mko nazo huko. Kwa nini Valcour bado kageuka?

Nikunjie karatasi ndogo pembeni. Sitaisoma kwa sauti.

Lalie

*

Lafourche
Januari 11, 1863

Dada mpendwa na wote mnaosikiliza hapo kibarazani,

Heri ya mwaka mpya. Nimekula mkate wa ngano siku ya Krismasi na jino limenishukuru. Mwambieni Shangazi namwombea. Mwambieni Bi Zénobie macho yake ni hazina ya taifa. Tunachimba.

Onésime

(Karatasi iliyokunjwa)

Lalie, hii ataificha mchuuzi wa kambini, maofisa wasiione. Iteketeze.

Umeshajua yote, basi sina la kusema isipokuwa kuongeza, na nyongeza ni mbaya zaidi. Jiwe nilitaka kuligeuza Oktoba, nikaipanga Jumapili, na Jumamosi yake tukapandishwa kwenye treni. Nikasema moyoni, si kitu, Théophile hana haraka.

Sasa ana haraka. Théophile Gardère yu hai. Ana futi sita na ushei, anakula biskuti za jeshi kama vile zina ladha, na hivi ninavyoandika yuko zamu darajani.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa Novemba alikuja mtu kutoka mashamba ya miwa, amelowa mpaka kifuani, na mgongoni ana mambo ambayo sitayaandika. Akataka kuwa askari. Luteni wa kuandikisha, kijana wa kaskazini asiyejua kututofautisha, akachovya kalamu.

"Jina?"

Mtu yule akaitazama kalamu. Jina alilokuwa nalo lilikuwa la kuitwa na bwana wake, na bwana wake alikuwa ameshalitangaza gazetini kama la mtoro.

"Wewe ni mwungwana au mtumwa? Kikosi hiki ni cha waungwana. Jina, na kwenu wapi?"

Mimi nilikuwa nyuma yake. Unanijua, nikibanwa akili hufunga duka. Jina lililokuwa mlangoni lilikuwa moja tu. "Théophile Gardère, bwana luteni, mwungwana wa Tremé, jamaa yangu." Akaandikwa. Yule mgeni akageuka akanitazama kama mtu aliyevishwa koti la mwenzake, anapapasa mifuko aone kuna nini. Jioni akaniuliza, "Koplo, huyu Théophile alikuwa mtu wa namna gani?" Nikamwambia, "Mtulivu sana."

Usicheke. Tamko la Rais la mwaka mpya limewapa uhuru watumwa wa kila mahali ambako Rais hana askari, na limewaacha utumwani wa huku tuliko sisi askari wake. Bwana wake bado ni bwana wake kisheria. Kinachomkinga ni jina lile na ukoo ule. Kwa hiyo Shangazi asiambiwe. Anayelia vizuri namna ile asikatizwe.

O.

*

Tremé
Februari 22, 1863

Onésime,

Nimecheka mpaka sindano ikanichoma, halafu nikalia kidogo, halafu nikaendelea na kazi. Hatujambo. Vitoto vya paka vimeshakuwa vikubwa na vimekataa kutoka kofiani.

Shangazi alikuwa na homa wiki mbili. Akasema hawezi kufa kabla ya mwisho wa Aprili, kaburi halijatimiza mwaka na siku moja na yeye hatalala kwenye kaburi la kukodi ukutani, yale yaliyo kama matanuri, kama msafiri. Daktari akasema tiba hiyo hakuisomea, lakini inafanya kazi. Leo anakula.

Habari nyingine, Shangazi anaiita njema. Wiki iliyopita alikuja mzungu mmoja, muungwana kweli, kofia mkononi, Kifaransa cha zamani, anaulizia habari za familia ya Théophile Gardère. Mimi nilikuwa kwa mteja. Shangazi alifurahi mno! Nadra mtu kumuuliza habari za marehemu wake. Alimtilia kahawa, akamwambia yote, ya Havana, ya homa, ya ibada. Kisha akajikongoja mpaka makaburini akamwonyesha jiwe. Bwana yule aliandika tarehe kwenye kitabu chake, akambusu Shangazi mkono. Jina lake Bwana Fontclair. Shangazi anasema labda alimjua marehemu huko Havana. Wewe unamjua?

Dada yako,
Lalie

*

Lafourche
Februari 16, 1863

(Juu yake kwa penseli, mkono wa Eulalie: Imefika Machi 1. Mchuuzi wa kambini aliyeibeba alilala njiani na chupa.)

Dada,

Salamu baadaye. Leo amekuja kambini mwenye shamba mmoja, Fontclair, pamoja na polisi wa jeshi. Amemnyooshea Théophile kidole mbele ya gwaride na kumwita kwa lile jina jingine. Théophile hakugeuka. Sijapata kuona mtu akijizuia kugeuka namna ile, mishipa ya shingo ilisimama kama kamba za nanga. Kapteni wetu akasema huyu ni mwungwana wa Tremé, ana ukoo wake mjini. Fontclair akatabasamu, akasema basi atakwenda kuuliza mjini.

Wamemtia Théophile mahabusu mpaka mambo yajulikane. Ikithibitika hana ukoo, anarudi shambani, na tunajua atapokewaje huko.

Lalie, bwana huyo akija, msimwonyeshe jiwe. Kwa lolote lile. Jiwe linasema askari wetu alikufa Aprili.

Mbio,
Onésime

*

Tremé
Machi 9, 1863

Onésime, mdogo wangu, fundi wa matatizo,

Hatujambo. Kaa chini kwanza, kama mkanda wa farasi unakuruhusu.

Siku ilipofika barua yako ililetwa pia hati kutoka ofisi ya polisi wa jeshi: Shangazi afike kesho yake kutoa ushahidi. Ikabidi nimwambie kila kitu. Nilianza na jiwe. Nilipofika kwenye bunduki akainua mkono nisiendelee.

"Hakuna Havana?"

"Hakuna, Shangazi. Ni Onésime na patasi yake."

Laiti ungemwona. Alinyanyuka bila fimbo akaenda kwenye meko, akaigeuza picha ya Valcour itutazame, akaifuta vumbi kwa shali yake. "Nisamehe, mzee wangu. Niliaibishwa na mpumbavu uliyemfundisha kutembea." Akamimina kahawa, akamwekea. Akakaa akimtazama, Onésime, kama bibi harusi. Sikutaka kuendelea. Nikaendelea. Nikamweleza mtu aliyetoka kwenye miwa, na jina, na Fontclair, na jinsi yeye mwenyewe alivyomtilia kahawa.

Alikunja shali yake. Kisha: "Mgongo wake huyo kijana ukoje?"

"Onésime hakuandika."

"Basi najua."

Akanywa ile kahawa ya Valcour mpaka mwisho. Akanyanyuka, akaigeuza picha ikatazama ukuta tena. "Geuka kidogo, mzee wangu. Usiyasikie haya."

Kesho yake mtaa mzima ulikuwa ndani ya ofisi. Nyuma ya meza kapteni mmoja wa kaskazini, pua nyekundu, ametota jasho mwezi wa Machi. Fontclair akaeleza kwa adabu zake zote kwamba Théophile Gardère ni maiti, kaburi lake ameliona, na mahabusu ni mali yake. Kapteni akamgeukia Shangazi.

"Bibi, Théophile Gardère amekufa au hajafa?"

"Yupi, mwanangu?"

"Wako wangapi?"

"Wawili. Aliye chini ya jiwe ni mtoto wa mume wangu. Aliye kwenye jeshi lako ni mtoto wa huyo mtoto. Jina moja, baba na mwana. Kwenu hamrithishi majina?"

Ofisi ikanguruma. Fontclair akasimama. "Bwana kapteni, familia hiyo haipo! Juzi huyu bibi alinieleza habari za marehemu kwa saa nzima na hakutaja mjukuu."

"Hukuuliza mjukuu. Uliuliza marehemu, nami nikakupa marehemu, pamoja na kahawa na sukari."

"Na jiwe ni la uongo! Homa ya manjano mwezi wa Aprili? Nani katika mji huu aliwahi kufa kwa homa ya manjano mwezi wa Aprili?"

Hapo nilikulaani, Onésime. Niliiona ile patasi yako ya kipumbavu. Kapteni akamtazama Shangazi. Shangazi akashusha pumzi kama anayelazimishwa kutoa siri ya chumbani.

"Mwanangu, alikuwa mtu wa haraka. Kama baba yake. Baba yake naye hakusubiri hata tufunge ndoa."

Bi Zénobie alikaribia kuanguka kitini. Kapteni pua ilizidi wekundu, akauliza kwa sauti ya chini kama Shangazi yuko tayari kuapa kwamba askari yule ni damu ya mumewe.

"Wewe, kapteni, una uhakika na babu yako?"

"Bibi, naomba jibu."

Akashika msalaba wa rozari yake. Hakutabasamu tena. "Mimi ni Philomène, mjane wa Valcour Bazile, mpiga ngoma wa Chalmette. Miaka arobaini nimejisifu mbele ya wanawake hawa wote kwamba mume wangu hakutoka nje. Leo naapa mbele yao kwamba alitoka. Unadhani mwanamke wa umri wangu anaweza kuja kusema hivyo kwa mchezo?"

Kapteni akatia saini. Fontclair akavaa kofia ndani ya nyumba. Kijana wenu atafunguliwa.

Sasa wale waliomwonea Shangazi wivu miaka yote hiyo humsimamisha barabarani wakimpapasa mkono. "Pole, dada. Wanaume ndivyo walivyo." Naye huinamisha kichwa na kusema, "Ndivyo walivyo." Akirudi ndani huvunja kitu. Tumebakiwa na vikombe viwili. Padri amempa rozari nzima ya toba, Shangazi akamwambia padri angoje kwanza, yeye bado hajatubu.

Picha ingali inatazama ukuta. Nilimwambia hakuna anayeiona isipokuwa sisi. Akasema akiigeuza atacheka, na Bi Zénobie ana masikio.

Lalie

*

Lafourche
Aprili 2, 1863

Dada,

Salamu kwa wote, na kwa Shangazi salamu ambazo sina maneno yake, jambo ambalo halijanipata tangu nizaliwe.

Théophile amerudi. Nilimsomea barua yako nyuma ya zizi la nyumbu. Pale penye "alikuwa mtu wa haraka" alicheka mpaka nyumbu wakaitikia. Pale penye kiapo akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena. Kisha akauliza huyo Valcour alikuwa anapiga ngoma kwa mkono gani. Nikasema wa kushoto. Tangu hapo anajifunza kula kwa mkono wa kushoto. Nimemwambia si lazima.

Maofisa wetu weusi jenerali mpya anawang'oa mmoja mmoja, anasema haifai wawaamrishe wazungu wowote. Sisi wa chini tunahamishwa kwenda kaskazini, mto Mississippi juu. Wanasema huko hatutachimba.

Onésime

*

Tremé
Juni 14, 1863

Onésime,

Sisi hatujambo. Wewe?

Magazeti yameandika vita vya Port Hudson. Yanawataja walioanguka wa vikosi vingine kwa majina, wa kwenu yanasema "wengi". Nakwenda kituoni kila jioni, narudi.

Nimemtoa paka kwenye kofia yako. Nimeifua. Inakungoja.

Andika neno moja, hata tusi.

Lalie

*

Hospitali ya jeshi, Baton Rouge
Julai 19, 1863

Dada yangu,

Tusi nililitafuta likachelewa, nisamehe. Ni mzima, isipokuwa mahali pamoja. Mwambie Shangazi ni mguu, sehemu ya juu sana, upande wa nyuma. Bi Zénobie akiuliza ilikuwaje risasi iingie huko kama nilikuwa naelekea mbele, sema niligeuka kumwita Théophile. Ni kweli, ingawa najua haitanisaidia. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi, kama samaki wa kukaangwa.

Siku ile ya Mei sitaiandika. Tulikwenda mbele. Tukarudishwa, tukaenda tena. Wale wanajimu walituangalia siku hiyo, hakuna aliyetazama mawingu. Watu wetu walioanguka waliachwa uwanjani mpaka ngome ya adui iliposalimu amri mwezi huu. Wiki sita, Lalie. Hakuna jiwe, hakuna chokaa. Unajua sisi ni watu gani kwa wafu wetu. Basi.

Mimi nilibebwa. Mgongo ulionibeba niliulalia muda mrefu, uso wangu juu yake, shati likiwa limechanika, nami nikauona wote. Shangazi alisema anajua. Sasa najua pia.

Théophile ni mzima na ameshakuwa koplo. Alipokuwa akinibeba alisema, "Jamaa yangu, punguza biskuti." Alisema jamaa yangu, dada. Mimi ndiye niliyelitunga neno hilo mbele ya luteni, na pale ndipo nililisikia mara ya kwanza.

Onésime

*

Tremé
Novemba 2, 1863

Mdogo wangu wa kifudifudi,

Salamu kutoka kwa kila mtu, na kofia yako inakusalimu, isipokuwa imerudiwa na paka, mimba ya pili. Tumesikitika daktari kakunyima ruhusa ya kusafiri, lakini Bi Zénobie anasema ingebidi usimame njia nzima.

Jamaa yako alikuja kwa likizo ya siku mbili. Alibisha hodi Jumamosi mchana, amevaa sare, ameinama mlangoni asigonge kichwa. Shangazi alimtazama kuanzia viatu mpaka juu, safari ndefu.

"Umechelewa," akamwambia.

"Samahani, bibi. Nilikuwa nimekufa."

Akamfokea kidogo, kama alivyoahidi, kwa kukonda, kwa viatu, kwa kumbeba mtu mzito namna ile bila kula kwanza. Kisha supu ya bamia, na kaa ndani yake. Alikula kwa mkono wa kushoto. Shangazi aliacha kijiko hewani, akamtazama.

Jana tukaenda makaburini, na safari hii ndoo alibeba Théophile. Alipaka chokaa kaburi zima, Shangazi akiwa kitini na fimbo yake akimwonyesha alipopasahau, hata asipopasahau. Mwaka na siku moja zimeshapita, sheria ya wafu haina neno, akaling'oa jiwe peke yake kama mtu anayefungua dirisha. Akalisimamisha, akawa anapitisha kidole kwenye jina lake.

"Nilifute hili, bibi?"

"Usilifute. Ligeuze ndani. Valcour ana muda wa kusoma, amjue mjukuu wake."

Basi sasa nje ni Valcour Bazile, mpiga ngoma, kama zamani, na ndani ni Théophile. Bi Zénobie, aliyekuwa kwenye kaburi la tatu kutoka letu, akatufuata na maua yake. "Jamani, yule Théophile mkubwa niliyemwona sokoni! Mabega yaleyale ya Valcour. Huyu tu hachechemei."

"Si nilikwambia," akasema Shangazi.

Tulirudi nyumbani kwa kahawa. Théophile akapita kwenye meko, akaona ile picha inatazama ukuta. Akatugeukia. "Huyu amekosa nini?"

Onésime, ungetuona! Mimi nikajifanya natafuta sukari. Shangazi alipangusa meza iliyokuwa safi, akapangusa tena.

"Hajakosa kitu, mwanangu," akasema mwishowe. "Yuko zamu."

Kijana alisimama akifikiri. Kisha akaitwaa kofia yake ya jeshi akaivaa, akanyooka, akapiga saluti kwenye ukuta wetu unaovuja.

"Koplo Gardère, nimekuja kumpokea."

Akaigeuza picha. Vikombe ni viwili tu, unajua kwa nini. Kimoja Shangazi alimpa yeye, cha pili alimwekea Valcour. Sisi wengine tulikunywa kwa bakuli.

Dada yako,
Eulalie